Picha Zilizosafiri kwa Posta: Klabu za Wapiga Picha wa Ridhaa na Funzo Lake kwa Ukoo Uliotawanyika



Katika vijitabu vya mikutano ya ukoo ni desturi kuandika nasaba, safari za wazee, na habari za ndoa na watoto waliozaliwa. Makala hii inashika njia nyingine kidogo. Inaeleza historia ya klabu za wapiga picha wa ridhaa, yaani watu wapigao picha kwa mapenzi yao na si kwa kujitafutia riziki: jinsi klabu hizo zilivyoanza, shughuli zake na mashindano yake. Huenda msomaji akauliza, hayo yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu, kwani klabu nyingi za mwanzo hazikuundwa kwa ajili ya kushindana. Ziliundwa na watu waliotaka kuonyeshana picha na kupeana habari zake, na baadhi yao walikaa miji ya mbali wasionane kwa miezi. Mashindano yalishika nafasi ya mbele baadaye, nayo yalileta faida kubwa. Lakini yaliifundisha klabu kuitazama picha pasipo jina. Ukoo ambao picha zake zimetawanyika kama watu wake una la kujifunza katika hayo yote mawili.

Mwanzo wa klabu

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa kwa ulimwengu mwaka 1839. Mjini Paris ilitangazwa njia ya Louis Daguerre, iliyotoa picha moja tu juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Huko Uingereza, William Henry Fox Talbot alitangaza njia yake ya karatasi, na mwaka 1841 akaiwekea hataza njia bora zaidi iliyoitwa kalotaipu, ili mtu mwingine asiitumie bila kulipa. Tofauti ya njia hizo mbili ni muhimu kwa habari yetu. Picha ya Daguerre haikuwa na nakala. Ile ya Talbot ilianzia kwenye negativu ya karatasi, na kutokana na negativu hiyo zilipatikana nakala nyingi. Penye nakala ndipo panapowezekana kubadilishana, maana mtu humpa mwenzake picha na yeye mwenyewe akabaki nayo.

Hataza ya Talbot haikuhusu Scotland. Kwa sababu hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1840, mabwana wachache wa mji wa Edinburgh, wengi wao wanasheria, waliweza kuijaribu kalotaipu kwa uhuru. Walikutana, wakaonyeshana kazi zao, wakaelezana dawa walizotumia na makosa yaliyowapata. Kikundi hicho, Edinburgh Calotype Club, huhesabiwa kuwa klabu ya kwanza ya wapiga picha duniani. Hakikuacha vikombe wala medali. Kiliacha albamu, na albamu zake mbili zimehifadhiwa mpaka leo katika maktaba za mji huo.

London ilichelewa kidogo. Mwaka 1852 Talbot alilegeza masharti ya hataza yake, na Januari 1853 ikaundwa Photographic Society, rais wake wa kwanza akiwa Sir Charles Eastlake na katibu wake Roger Fenton. Chama hicho ndicho kilichopewa mwaka 1894 jina la Royal Photographic Society, ambalo kinalo hadi sasa. Kilifanya maonyesho, kilitoa jarida, na kilikuwa na mikutano ya kusoma makala za kitaalamu. Ndani ya mzunguko wa watu hao hao kukatokea kikundi kidogo cha kubadilishana picha. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: kila mwanachama alichagua negativu yake nzuri, akatoa nakala za kuwatosha wenzake wote, na nakala hizo zikakusanywa kuwa albamu. Albamu za mwaka 1855 na 1857 ni matunda ya mpango huo. Kila mwenye albamu alikuwa na kazi za wenzake wote, na kila mwenye negativu alijua kuwa picha yake imo katika nyumba nyingi. Hata nyumba moja ingeungua, picha haingepotea.

Klabu ya New York ya mwaka 1861

Mfano unaotukaribia zaidi ni wa Marekani. Mwaka 1861 wapiga picha wachache wa ridhaa waliunda Amateur Photographic Exchange Club, maana yake klabu ya ridhaa ya kubadilishana picha. Miongoni mwao alikuwamo Henry T. Anthony wa New York, ambaye jamaa zake walikuwa na kampuni kubwa ya kuuza vifaa vya picha. Coleman Sellers, mhandisi wa Philadelphia. Na Titian Peale, aliyefanya kazi katika ofisi ya hataza mjini Washington. Hawakuweza kukutana kila wiki chini ya paa moja. Kwa hiyo waliifanya posta kuwa ukumbi wao.

Walifungwa na sharti moja kubwa. Kila baada ya miezi miwili, kila mwanachama alitakiwa ampelekee kila mwanachama mwenzake angalau picha moja iliyokamilika na kubandikwa kwenye kadi. Picha zenyewe zilikuwa za aina iliyopendwa mno siku hizo: picha mbili zinazofanana, zilizobandikwa sambamba kwenye kadi moja, ambazo zikitazamwa kwa chombo chenye lenzi mbili huonekana kama kitu chenye kina. Tukumbuke ugumu wa kazi hiyo. Njia iliyotumika zaidi wakati huo ilikuwa ile ya Frederick Scott Archer ya mwaka 1851, ambapo kioo kilipakwa dawa, kikapigwa picha na kusafishwa kingali kibichi, yote kwa muda wa dakika chache. Aliyetaka kupiga picha ya mto au mlima ilimbidi achukue chumba chake cha giza pamoja naye, katika hema au gari la farasi. Watu hawa waliifanya kazi yote hiyo, kisha wakazitoa picha bure kwa wenzao.

Jambo la kutazamwa sana ni upande wa nyuma wa kadi. Zimebaki kadi za klabu hiyo zenye kibandiko nyuma kinachotaja mahali picha ilipopigwa, jina la aliyepiga, na njia aliyotumia. Mpokeaji hakupewa sura tu, alipewa na habari zake. Klabu hiyo haikudumu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza Marekani mwaka ule ule wa 1861, na baada ya miaka michache kubadilishana huko kukakoma. Lakini kadi zilikuwa zimekwisha kugawanywa katika miji kadhaa. Ndiyo maana zipo hadi leo, na ndiyo maana twajua nani alipiga nini, wapi.

Kamera zazidi, mashindano yaingia

Mwaka 1871 Richard Leach Maddox, daktari wa Kiingereza, alieleza njia ya kupaka kioo dawa iliyochanganywa na jelatini, iliyoweza kutumika ikiwa kavu. Katika muda wa miaka kumi hivi, vioo vikavu vikawa vinatengenezwa viwandani na kuuzwa madukani. Hema la giza likaachwa nyumbani. Mwaka 1888 George Eastman akatoa kamera ya Kodak kwa bei ya dola 25, ikiwa na filamu ya picha 100 ndani yake. Mwenyewe akimaliza kupiga alirudisha kamera nzima kiwandani Rochester pamoja na dola 10, akaletewa picha zake na kamera yenye filamu mpya. Mwaka 1900 ikatoka Brownie kwa bei ya dola moja. Kazi iliyokuwa ya mabwana wenye nafasi na maarifa ya kemia ikawa mikononi mwa makarani, walimu, akina mama wa nyumbani na watoto wa shule.

Klabu nazo zikazidi. Katika miaka ya 1880 na 1890 miji mingi ya Uingereza na Marekani ilipata klabu yake, yenye chumba cha giza cha kutumiwa na wote, maktaba ndogo, mihadhara ya jioni na matembezi ya Jumamosi. Wanachama walipokuwa wengi, ikatafutwa njia ya kuwapima na kuwatia hamu. Njia hiyo ilikuwa mashindano. Majarida yalichangia sana. Mwaka 1887 kijana Mmarekani aliyekuwa akisoma Berlin, Alfred Stieglitz, alipeleka picha alizopiga Italia katika mashindano ya jarida la Kiingereza liitwalo Amateur Photographer. Jaji alikuwa Peter Henry Emerson, mpiga picha mashuhuri. Stieglitz akapewa nafasi ya kwanza. Ushindi huo ulimtia moyo, na baadaye akawa miongoni mwa watu waliofanya kazi kubwa kabisa ya kuifanya picha ikubalike kuwa sanaa: alihariri jarida la klabu ya New York kuanzia 1897, akaanzisha kundi la Photo-Secession mwaka 1902, na akatoa jarida la Camera Work kuanzia 1903 hadi 1917.

Hata hivyo wapo walioyatilia shaka mashindano tangu mwanzo. Mwaka 1892 baadhi ya wapiga picha wa Uingereza, wakichoshwa na namna chama kikuu kilivyohukumu na kutundika picha, waliunda kundi lililoitwa Linked Ring. Mwaka uliofuata wakafanya maonyesho yao wenyewe London, na humo hawakutoa medali. Kwao, picha kukubaliwa na kuwekwa ukutani kulitosha. Ubishi huo wa medali au bila medali haujesha katika klabu hadi sasa.

Jioni ya mashindano

Kwa jamaa ambao hawajapata kuhudhuria, ni vizuri kueleza jinsi mashindano ya klabu ya mji wa Uingereza yanavyokwenda. Msimu huanza Septemba na kwisha mwezi wa Mei, maana wakati wa jua watu hutoka kupiga picha, na usiku wa baridi hukaa ndani kuzitazama. Kila mwanachama hukabidhi picha zake mapema. Picha za karatasi hubandikwa kwenye kadi ngumu, ambayo kipimo chake cha kawaida ni sentimita 50 kwa 40. Zamani kulikuwa na kundi jingine la slaidi zilizoonyeshwa kwa projekta. Siku hizi mahali pake pamechukuliwa na picha za kidijiti. Mara nyingine mada huwa wazi, na mara nyingine hutolewa: maji, milango, watu kazini, viumbe wa porini.

Jaji hualikwa kutoka klabu nyingine, ili asiwe na upendeleo. Picha huwekwa mbele yake moja baada ya moja, jina la picha likasomwa, lakini jina la mpigaji likafichwa. Jaji husema mbele ya watu wote: mwangaza umeangukia vizuri, upeo wa macho umelala upande, kuna mti unaoota kichwani mwa mtu. Kisha hutoa alama, na katika klabu nyingi alama za juu kabisa ni 20. Mwisho wa msimu alama hujumlishwa, na vikombe hutolewa katika karamu ya mwaka. Klabu hushindana na klabu jirani, na wilaya na wilaya. Juu yake kuna mashirikisho makubwa zaidi: Marekani, Photographic Society of America iliyoundwa mwaka 1934, na kwa mataifa, shirikisho la FIAP lililoanzishwa mwaka 1950 mjini Bern, Uswisi. Ndugu zetu walioko Ghuba nao hawako mbali na mambo haya, kwani Muscat ina jumuiya yake ya wapiga picha, na Dubai tangu mwaka 2011 imekuwa na mashindano yake ya kimataifa.

Faida za utaratibu huu hazina ubishi. Mgeni hujifunza kwa msimu mmoja mambo ambayo peke yake angeyajua kwa miaka. Karani na mkurugenzi huhukumiwa kwa kipimo kimoja. Mtu mwoga huzoea kusikia kazi yake ikikosolewa bila ya kuona kuwa ametukanwa. Kuficha jina la mpigaji ni haki, na haifai kulilaumu.

Lakini tazama sasa athari yake kwa picha yenyewe. Jaji hamjui mtu aliyemo ndani ya picha, wala hahitaji kumjua. Picha ya bikizee akisuka ukili huitwa “Mikono Yenye Subira” au jina jingine la namna hiyo, nayo hupata alama 18. Na yule bikizee alikuwa nani, mke wa nani, wa kijiji gani, hakuna aulizaye. Picha nyingine, iliyotikisika na yenye kidole cha mpigaji pembeni, lakini ndiyo picha pekee ya babu mzaa babu, ingeondolewa mezani kabla jaji hajamaliza kunywa chai yake. Klabu haikosei kufanya hivyo, kwa sababu inatafuta picha njema. Ukoo unatafuta watu. Tukichukua kipimo cha klabu tukakitia katika nyumba zetu bila kukibadili, tutazitundika picha nzuri na kuzitupa zile zenye thamani.

Klabu za posta

Ule mpango wa mwaka 1861 haukufa moja kwa moja. Katika nchi ya Uingereza zilitokea klabu za posta, kwa ajili ya watu wanaoishi mbali na mji, wagonjwa, mabaharia, na wale ambao kazi zao za zamu hazikuwaruhusu kuhudhuria mikutano. Sanduku au bahasha kubwa husafiri kutoka nyumba hadi nyumba kwa mpangilio maalumu. Ndani yake mna picha za kila mwanachama na daftari. Anayelipokea huzitazama picha kwa siku chache, huandika maoni yake juu ya kila moja, huzipa alama, huitoa picha yake ya zamani pamoja na maoni ya wenzake, hutia mpya, kisha hulipeleka sanduku kwa anayefuata. Sanduku likimaliza mzunguko, kila mtu amekwisha kusema na kila mtu amekwisha kusikilizwa, ijapokuwa hawajaonana uso kwa uso.

Humo mashindano yamo, lakini hayako peke yake. Daftari ndilo roho ya klabu. Picha huondoka na maneno yake.

Picha za kwetu pwani

Pwani ya Afrika Mashariki haikuchelewa kuijua kamera. James Grant, aliyesafiri na Speke kwenda kutafuta chanzo cha Mto Nile, alipiga picha Unguja mwaka 1860. Kabla ya karne hiyo kwisha, mji huo ulikuwa na studio za wapiga picha wenye asili ya Goa, ile ya A. C. Gomes ikiwa mojawapo. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, na familia yake ikaendeleza kazi baada yake. Lamu ilikuwa na Omar Said Bakor, aliyeishi kutoka 1932 hadi 1993, ambaye alijulikana kwa kuunganisha picha mbili au zaidi kuwa moja, sura ya mtu ikachomoza ndani ya ua. Na wapo waliotoka katika ridhaa wakafika mbali: Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza na kamera ndogo ya Brownie akiwa mtoto, akaanzisha kampuni yake ya Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963, na filamu aliyoipiga Ethiopia mwaka 1984 ikaufanya ulimwengu uione njaa ya huko. Alifariki Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na Komoro.

Wazee wetu wengi hawakuwa na kamera wala klabu. Walikwenda studio siku ya Idi, siku ya harusi, au kabla ya safari, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa. Lakini walikuwa na kubadilishana kwao. Nakala ilipelekwa Mombasa, nyingine Muscat, nyingine Dar es Salaam, na nyuma yake ikaandikwa kwa kalamu ya wino, aghalabu kwa herufi za Kiarabu: ukumbusho kwa ndugu yangu mpenzi fulani bin fulani, pamoja na tarehe. Tazama jinsi desturi hiyo inavyofanana na kadi za klabu ya New York. Nakala zilitawanywa, na jina likaandikwa nyuma.

Yaliyofuata yanajulikana. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 watu waliondoka Unguja kwa mikono mitupu au kwa sanduku moja. Mwaka 1970 milango ya Oman ilifunguliwa, na wengi wenye asili ya huko wakaenda. Mwaka 1972 Waasia wa Uganda walipewa siku 90 kuondoka. Kila safari ilipunguza picha. Albamu ziliachwa kwa majirani, nyingine ziliharibiwa na maji, nyingine zilichanwa na wenyewe kwa hofu. Zilizosalia kwetu, kwa sehemu kubwa, ni zile nakala zilizokwisha kupelekwa kwa jamaa wa miji mingine kabla ya msukosuko.

Hatari ya leo si kukosa picha. Simu ya kijana mmoja ina picha nyingi kuliko ukoo mzima ulivyopata kuwa nazo kabla ya 1964. Hatari ni kwamba picha za zamani zinapigwa tena kwa simu na kurushwa katika makundi ya ukoo kwa WhatsApp, upande wa mbele tu. Maandishi ya nyuma hayarushwi. Isitoshe, picha ikirushwa hivyo hubanwa ikapungua ubora, na jina la faili hubadilika. Ikifika kwa mtu wa tano, hakuna ajuaye imetoka kwa nani. Na wale wawezao kutazama kundi la watu kumi na wanne wa mwaka 1950 na ushei wakataja kumi na mmoja, idadi yao inapungua kila mwaka. Shangazi akifumba macho, watu hao kumi na mmoja wanakuwa wageni.

Pendekezo kwa ukoo

Kwa kuzingatia hayo, napendekeza mbele ya wazee na kamati kwamba ukoo wetu uwe na sanduku lake na mashindano yake, kwa kufuata mfano wa klabu lakini kwa kipimo chetu.

Kwanza, kila tawi la ukoo lichague picha zake za zamani zisizozidi ishirini kwa mwaka, lizitoe nakala nzuri kwa mashine, mbele na nyuma, na picha za asili zibaki kwa wenyewe. Sanduku litakalosafiri London, Muscat, Toronto, Mombasa na Unguja liwe la nakala tu.

Pili, kila nakala iwe na karatasi yenye maswali sita: ni nani hawa, kutoka kushoto kwenda kulia, ni wapi, ni lini, nani alipiga au ni studio gani, nani aliyetoa habari hizi, na picha ya asili iko kwa nani. Wazee wakihitilafiana, yaandikwe maneno ya wote wawili pamoja na majina yao. Asifutwe mtu.

Tatu, picha za asili zitunzwe kwa adabu. Zisiandikwe nyuma kwa kalamu ya wino ya kukandamiza, bali kwa penseli laini pale ambapo karatasi inaikubali, au habari ziandikwe juu ya bahasha. Zisigandishwe kwa gundi wala utepe wa plastiki. Zikae mbali na jua, joto na unyevunyevu, hasa zile za rangi za miaka ya 1970, ambazo hupauka haraka.

Nne, heshima ilindwe. Zipo picha za bibi zetu ambazo zilipigwa kwa macho ya jamaa tu. Mwenye picha ndiye atakayesema iingie katika sanduku au isiingie, na hapana ruhusa ya kuitoa nje ya ukoo.

Tano, katika kila mkutano tufanye jioni ya mashindano. Picha ziwekwe mezani kama katika klabu, na alama ziwe 20 vilevile. Alama tano ziwe za uzuri wa picha, ili vijana wetu wenye ufundi wasivunjike moyo. Alama kumi na tano ziwe za habari zilizopatikana: majina, mahali, mwaka. Majaji wawe wazee wetu. Kijana atakayekaa na mjomba, ami au mama mkubwa, akatoka na majina ya watu waliokuwa hawajulikani, huyo apewe kikombe. Na vijana wapigao picha za mkutano huu waanze wao, kwa kuandika majina siku ile ile, wakati kila mtu angali mbele yao wa kuulizwa.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji katibu mmoja wa kushika daftari, mpangilio wa anwani, na wakati wa kukaa na wazee. Kamati imekubali kupokea majina ya wawakilishi wa kila tawi kabla mkutano huu haujafungwa. Tunaomba kila tawi limtaje mtu wake, na kila mwenye bahasha ya picha aje nayo mezani siku ya pili, asubuhi, ambapo wazee watakuwa wameketi kungoja.

Nawatakia nyote mkutano mwema na safari njema ya kurudi.